Ulipojisikia Mzima

Mke wangu, Mama Koleta,

Mpunga umeshapandikizwa huku Malinyi. Mwaka huu nimepanda na vibarua, na hakuna aliyenitania kwamba mistari yangu imepinda.

Ugonjwa wako ulianzia humo humo shambani. Uliinuka ghafla na miche mkononi, ukaniambia moyo unarukaruka kama kambale kwenye tope. Tukacheka. Baadaye ukawa unapumzika kwenye tuta hata kabla jua halijawa kali, nikakupeleka Ifakara.

Daktari alikuwa binti mdogo. Alitupa shikamoo kwanza. Mashine ikachora mapigo yako kwenye karatasi, yamepishana ovyo. Akauliza, "Mama, moyo ukianza kwenda mbio, unaendelea na kazi au unaacha?"

"Naendelea."

"Huwa anaacha," nikasema.

Ukanikata jicho. "Baba Koleta, unanichongea?"

Daktari akatabasamu, kisha akatueleza taratibu. Vyumba vya juu vya moyo wako vilikuwa vinatetemeka badala ya kusukuma damu sawasawa. Namna unavyosumbuka ni jambo moja, akasema. Hatari ya damu kuganda na kwenda kuziba mshipa kichwani ni jambo lingine, na kwa umri wako na presha yako, hiyo ilikuwa kubwa. "Unaweza kujisikia mzima kabisa, mama, na hatari ikabaki palepale."

Dawa zilikusaidia. Pasaka uliimba misa nzima umesimama. Ndipo ukaiacha ile ya kuzuia damu isigande. Fizi zilikuwa zinatoka damu, masika yameharibu barabara, na kila mara ulitakiwa Ifakara kupimwa. Nilikusihi. "Kwani mgonjwa ni mimi au wewe?" ukaniuliza huku unapepeta mchele, una nguvu kunishinda.

Asubuhi ile ulikuwa unakoroga uji. Mwiko ukaanguka, ukainama kuuokota, mkono wa kulia ukakataa. Ulipogeuka, mdomo ulikuwa umeenda upande.

Watu wananiuliza kama ulikuwa unaumwa sana. Nawaambia ulikuwa unajisikia vizuri.

Lakini kinachoninyima usingizi ni wiki zako za mwisho. Ulibaki na sauti moja tu, "ka", unairudia huku umenishika kwa mkono wa kushoto. Nikaenda kukuletea kanga, ukatikisa kichwa. Nikahangaika kumwita kaka yako mpaka akaja kutoka Mahenge. Ukamtazama, ukanigeukia mimi: "Ka." Nikatoka tena kutafuta kingine, na kingine, mpaka ukaacha kusema.

Jana nilikuwa nakula peke yangu, likanijia. Labda ulikuwa unaniambia "kaa". Nisiende popote. Nikae tu.

Chakula kilinishinda. Nimevuta kiti kando ya kitanda chako, na hapa ndipo ninapoandika.

Lala salama, mke wangu. Nimekaa.

Mumeo,
Baba Koleta