Mvua Imenyesha, Mwene Hajapanda

Jumatatu, 2 Desemba 1957

Mvua siku ya nne. Udongo umelainika vizuri kabisa — na hakuna anayepanda. Kwetu mbegu haiingii ardhini mpaka shamba la Mwene lipandwe kwanza. Tangu enzi za babu ni hivyo. Mwaka jana walikuja kulilima watu zaidi ya mia mbili. Leo kumi na mmoja! Na wawili kati yao walifuata tumbaku tu.

Mzee wangu ndiye Mwene, mtawala wa bonde lote hili. Kakasirika, kasema: hawataki kulima langu? Basi hakuna kupanda lao. Tuone nani ataanza kulia njaa.

Nikatumwa kutangaza kwa baiskeli. Vilima vyote! Sauti imekwisha, miguu imekwisha. Lakini huku hakuna kijana mwingine aliyefika darasa la sita Iringa. (Nilirudishwa kabla ya mtihani, kosa la mwalimu.) Kutangaza ni kazi ya msomi. Ndivyo ninavyojifariji.

Alhamisi, 5 Desemba 1957

Jailos, mkulima wa kawaida tu, kapanda! Mahindi, mistari imenyooka, mchana kweupe, tena kando ya barabara. Kaletwa barazani. Mzee: nani kakupa ruhusa? Jailos: mvua, Mwene. Watu wakaguna.

Viboko sita. Mimi ndiye wa kuhesabu kwa sauti. Nikatoka mbili nikarukia nne, harakaharaka, kama karani mwenye njaa. Mzee hakugundua. Msomi hoyee! Jailos hakunishukuru. Kavaa shati taratibu, kaokota jembe, kaondoka. Si nyumbani. Karudi shambani.

Yotamu, mwanawe, tuliyekuwa tukiiba naye miwa, alinisubiri njiani. Nikamwambia, bwana, nimempunguzia baba yako kiboko kimoja. Akaniuliza: na hivyo vitano, nani alivihesabu?

Mimi! Nikasukuma baiskeli mpaka nyumbani, sikuipanda.

Jumapili, 8 Desemba 1957

Bonde zima linapanda. Waislamu tangu alfajiri. Walutheri wametoka kanisani na kupitia majembe, wengine bado na viatu vya ibada. Timotheo, tarishi wetu, aliomba ruhusa eti anaumwa tumbo. Nimemwona kwa macho yangu kainama kwenye tuta. Tumbo gani hilo!

Mzee kakaa kibarazani na darubini yake. Anataja majina, mimi niandike. Ukurasa wa tatu nikasema, Mwene, wino umekwisha. Uongo. Mkono ulichoka. Na mahabusu yetu ni chumba kimoja, nusu tumejaza mbegu zake.

Mama kamletea uji, kauliza kwa upole: wote hao utawaweka wapi? Mzee kaumwaga uji. Mama kapangusa, karudi jikoni.

Jumatano, 11 Desemba 1957

Baraza. Mwene akitoka, watu hupiga magoti na kupiga makofi, polepole, mpaka aketi. Bila makofi haketi. Ndiyo desturi.

Leo katoka — kimya. Wamesimama wima, mikono mifukoni. Mvua tu juu ya bati. Naye kasimama. Wao wamesimama. Muda mrefu, wallahi! Nikaona goti lake bovu linaanza kutetemeka.

Nikapiga makofi. Peke yangu! Pa, pa, pa. Uwanja mzima ukapasuka kicheko. Mwanamke mmoja akapaza sauti: mtoto wa Mwene, ongeza na ngoma basi!

Mzee akaketi. Sijui kama nilimsaidia au nilimmaliza.

Ijumaa, 13 Desemba 1957

Kaja Bwana Shauri, Mzungu wa boma la Mbeya, na Landrova. Chai kaikataa. Mwaka jana alikunywa vikombe vitatu akasifu maandazi ya mama.

Kasema malalamiko yamefika boma, basi Jumanne kila mtu mzima asimame uwanjani nyuma ya amtakaye: Mwene au Jailos. Mzee akishindwa, atahamishiwa Iringa mjini, huko Kihesa, asikanyage tena bonde hili.

Mzee kacheka. Hawa nimewalea mwenyewe, watakwenda wapi? Kamwagiza mama afue kanzu nyeupe. Kwa mvua hii itakauka lini?

Jumatatu, 16 Desemba 1957

Yotamu kaja. Hakutania, ndipo nikaogopa. Kasema: simama kwetu, Muharami. Tumekubaliana. Atakayesimama nyuma ya Mzee asije kwa jirani kuomba moto wala mbegu. Mama yako hatutamgusa, yeye ni mke. Wewe ni mwanamume, miguu ni yako.

Nikamjibu miguu yangu imechoka. Nilitaka kumchekesha. Hakucheka, na mimi sikucheka.

Mzee yuko chumbani, anajizoeza hotuba ya ushindi. Ndefu.

Jumanne, 17 Desemba 1957

Naandika hapahapa uwanjani, nimekaa kwenye ngazi za baraza, daftari gotini. Manyunyu.

Mstari wa Jailos umezunguka josho la ng'ombe na kurudi. Yotamu yumo. Timotheo yumo — na kofia ya utarishi bado kichwani! Nyuma ya Mzee yuko mama, wake wenzake wawili, na babu mmoja asiyeona, anayeuliza huu ni mstari wa nani. Basi. Wanne.

Bwana Shauri anatazama saa. Karani wake ananinyooshea kalamu: wewe kijana, umeshonewa hapo kwenye ngazi? Watu wanacheka. Siku nyingine ningemjibu, angejuta kuja. Leo nainamia daftari. Yotamu ananitazama, kisha anatazama chini.

Kanzu ya Mzee imelowa, imemganda mbavuni. Sikujua kama kakonda hivi. Hajaniita. Huyu mtu huita tu! Huita maji, huita fimbo, huita watu kutoka vilima vitatu. Mimi hajaniita. Hata kichwa hajageuza.

Ila sasa hivi kafanya kitu. Kasogea mbele hatua moja, akakanyaga dimbwi, akabaki humohumo. Mama naye hakumfuata. Kati yao pamebaki nafasi ya mtu mmoja.

Karani anakuja huku.