Kila Siku Unaniuliza Kama Ameshazoea

Gongoni, Tabora

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, goti limetulia, na yule ng'ombe wako anakupa maziwa bila kukupiga teke. Sisi huku hatujambo. Nasri hajambo, mama yake Bi Tunu hajambo, na mjukuu wako Idrisa hajambo kupita kiasi. Mimi ndiye nimechoka, mama. Nimechoka hoi.

Utashangaa naandika wakati simu ninayo. Lakini wewe ukipokea simu unaiweka spika, unaita majirani, Igalula nzima inanisalimia kwa zamu, na kabla sijasema langu unaniuliza kama Idrisa ameshazoea maziwa ya ng'ombe. Kila siku swali ni hilo hilo! Kwa hiyo nimempa barua jirani yako Mzee Shilinde, aliyekuja mjini kuuza asali na anarudi kwa treni. Nakuomba uisome peke yako.

Najua kwa nini unauliza. Kwetu mtoto wa kwanza huenda kulelewa na bibi yake, na tulikubaliana Idrisa aje kwako akishaacha maziwa ya kopo, maana huko dukani kopo halipatikani na ng'ombe yupo uani. Ni mimi mwenyewe niliyesema ndiyo. Tangu baba afariki nyumba yako imekuwa kimya, na nilipoona ulivyofurahi nikakubali papo hapo.

Basi alipotimiza mwaka nikaanza kazi ya kumzoesha. Nesi wa kliniki ya Hospitali ya Kitete alinieleza vizuri tu: nichemshe maziwa, nipunguze ya kopo kidogo kidogo na kuongeza ya ng'ombe, nitumie kikombe badala ya chupa, nisiwe na haraka. Yule nesi hamjui mwanangu. Siku ya kwanza nilichanganya kijiko kimoja tu. Alionja, akanitazama kama mtu aliyeuziwa asali iliyotiwa maji, kisha akatema yote kwenye kanzu ya baba yake, na Nasri ndiyo kwanza anatoka kwenda swala ya Ijumaa. Kesho yake akatupa kikombe. Keshokutwa yake akakitupa, akakifuata, akakiokota, akakitupa tena.

Na washauri sasa! Bi Tunu alisema huo ni ukaidi wa upande wetu, akatia sukari nilipogeuka, wakati nesi alishakataza sukari. Nikamwambia kwa adabu zote, naye akasusa chakula changu mpaka jioni. Nasri, fundi seremala mzima na akili zake, akaona dawa ni kuificha chupa. Akaitia kwenye sanduku la randa na misumeno. Idrisa alimwona. Akakaa juu ya sanduku akapiga kelele hadi wateja wakauliza mtoto ana nini, na chupa ikatolewa. Halafu Nasri akaniambia nijitahidi zaidi. Mimi! Ninayechemsha maziwa yakafurika jikoni, nikafuta, nikabembeleza, nikatemewa, nikafua, mimi ndiye nijitahidi!

Siku moja nikashindwa kabisa. Alipokisukuma kikombe nikamwambia haya, usipotaka wewe nitakunywa mimi. Unajua maziwa ya ng'ombe na mimi hatupatani. Hata ukiyatia kidogo kwenye chai ninayajua. Lakini kwa hasira nilipiga funda kubwa mbele yake, na uso nikaukaza. Idrisa akanikodolea macho. Kisha akaning'ang'ania mkono, akavuta kikombe, akanywa mpaka akaota sharubu nyeupe, akanirudishia nimwongeze. Nilicheka sana, mama. Halafu nikakaa pale pale jikoni nikalia.

Sasa nakuambia kilichonifanya niandike. Hayo yalitokea kabla ya mvua kuanza. Kopo likaisha na sijanunua jingine mpaka leo. Idrisa anakunywa asubuhi na jioni, na kikombe anadai mwenyewe. Na kila uliponiuliza kama ameshazoea, nilikujibu bado. Nasri nilimwomba anyamaze. Bi Tunu, huwezi kuamini, ndiye anayenisaidia kukudanganya: ukipiga simu anapaza sauti kutoka uani kwamba mtoto ametema tena.

Nilikuficha kwa sababu ya Usinge. Uliponipeleka kule kwa bibi nilikuwa mdogo mno, sikumbuki, wala simlaumu mtu. Bibi alinipenda mno. Lakini siku aliyonirudisha kwako nianze shule naikumbuka. Nilikuamkia, nikakaa ukingoni mwa mkeka kama mgeni. Ulipoingia ndani nikamnong'oneza bibi, nikamuuliza yule mama anaitwa nani. Bibi akacheka. Nilipogeuka wewe ulikuwa umesimama mlangoni na bakuli la maziwa uliyonichemshia, na mimi nikayakataa. Sijayapenda tangu siku ile. Hatujawahi kuzungumza habari hiyo, sijui kama ulisikia. Nadhani ulisikia.

Mimi siwezi, mama. Idrisa hatakuja kukaa Igalula. Nimevunja ahadi, na ukinikasirikia una haki.

Lakini njoo wewe. Nasri amekutengenezea kitanda cha mninga, kipo kwenye chumba cha uani na shuka nimeshatandika. Bi Tunu anasema amechoka kugombana na mimi peke yangu, anataka wa rika lake. Mzee Shilinde amekubali kumkamua ng'ombe wako muda wote utakaokuwa huku, hata kama hutarudi upesi.

Wasalimie majirani wote, hasa wale wa kwenye spika. Nasri anakuamkia. Bi Tunu anakusalimu na anaomba umletee asali. Idrisa bado hajui kuamkia.

Ukifika, chemsha maziwa umpe wewe. Ila mama, unywe kwanza mbele yake, akuone; bila hivyo hapokei. Nataka akuzoee mapema, asije siku moja akamnong'oneza mtu kumuuliza yule bibi anaitwa nani.

Mwanao,
Mwanne