Jina Nililoandika kwenye Karatasi ya Meneja

Kwako Dada yangu Mama Kastuli,

Shikamoo dada. Shemeji naye shikamoo yake mpe mkononi, usimpigie kelele kutoka jikoni. Mama hajambo? Miguu inamfikisha kisimani au bado anaishia uani? Kastuli hajambo, na mkewe, na yule mtoto wao ambaye sijamwona, ameshaota meno? Shangazi wa ng'ambo ya mto anaendeleaje? Na kahawa mwaka huu imezaa? Sisi huku Babati miili ni mizima. Baba Zawadi yuko Simanjiro anajenga, hurudi siku mbili tu kila mwisho wa mwezi.

Dada, ninaandika nimebanwa, sioni pa kutokea. Ulisikia Zawadi aliingia kundi la kuimba. Walikuwa watatu, yeye, Halima binti wa mwenye duka la vitambaa hapa mjini, na Paskalina wa Singe. Wakajiita Mabinti wa Mkoa Mpya, maana ndiyo kwanza tumepata mkoa wetu na kila kitu huku kinaitwa kipya. Walipendwa, dada! Siku wimbo wao ulipopigwa redioni nilikuwa nachambua maharage, nikayamwaga yote. Sigino wakaitwa harusini, Mutuka wakaitwa, na mimi nikipita sokoni nasikia, "Shikamoo mama wa staa!" Kichwa kikavimba, sitaficha.

Aliyewaongoza ni bwana mmoja mwenye chumba cha kurekodi, tunamwita Meneja. Akaleta karatasi za mkataba. Baba Halima akasema ataisoma yake kwanza, mpaka leo hajasaini. Mama Paskalina akasema mume wake hayupo. Mimi wa haraka nikasaini. Meneja alikuwa anaongea na simu, akanionyesha kwa kidole tu, jina hapa juu, sahihi hapa chini. Nikaandika.

Kundi lilivunjika hata mahindi tuliyopanda walipoanza hayajakauka. Lilivunjwa na picha. Walikuwa wanapigwa picha ya kubandika kwenye kaseti, na Halima na Paskalina wote wanataka kusimama katikati. Paskalina akasema, "Mimi ndiye sauti ya kundi." Halima akamjibu, "Sauti gani, kama kuku anayetafuta pa kutagia?" Wakarushiana maneno mpaka mpiga picha akafunga kamera yake, Zawadi wangu analia tu. Kesho yake Baba Halima akamtoa bintiye, na Paskalina hakurudi tena.

Nikadhani yameisha. Kumbe wenzake wako huru, wangu ndiye kafungwa. Meneja akanisomea kwamba miaka mitano Zawadi asiimbe popote wala asitoke Babati bila ruhusa yake. Akaenda mpaka kanisani Zawadi anakoimba kwaya na ile karatasi, mwalimu wa kwaya akaniambia, "Mama, mambo ya mikataba nayaogopa, binti apumzike kwanza." Sasa Meneja anataka kumchukua akaimbe kwenye mabaa ya mbali, na wasichana nisiowajua. Ana miaka kumi na sita, dada. Hatoki nje. Akiosha vyombo anaanza kuimba, halafu anajiziba mdomo kwa mkono wenye povu. Hilo ndilo linaniua.

Nikampelekea Baba Halima nakala yangu. Akasoma, akavua miwani, akacheka. "Mama Zawadi, siku hizi unaimba?"

Nikasema, "Baba Halima, usinitanie, nina msiba."

"Hapa juu wametaka jina la msanii. Wewe umeandika Mama Zawadi. Aliyefungwa ni wewe, siyo mtoto."

Si unajua, dada, tangu nizae nani ananiita vingine? Nimeulizwa jina, nikaandika jina.

Basi nikamwendea Meneja nikamwambia, msanii ni mimi. Akafoka, "Mama, acha utani, tulikubaliana binti!" Nikamwambia tulikubaliana, lakini haikuandikwa. Akasema kama ni hivyo nitamwimbia mwenyewe, na nikitoka Babati bila ruhusa yake atanishtaki. Nikaitikia. Kwa hiyo Krismasi Mama asinitazamie. Mwambie kwa upole, mwambie ni kazi, habari ya karatasi usimwambie.

Ila hajaniacha. Amesafiri, amesema akirudi mwezi ujao ataleta karatasi nyingine na Zawadi ataisaini kwa mkono wake. Mtoto yule akifokewa husaini chochote. Baba yake yuko porini, mimi peke yangu simwezi Meneja. Nataka akirudi asimkute.

Nakuomba umpokee. Kuchuma kahawa atajifunza, chakula hachagui, na hapo parokiani kwenu kwaya ipo na Meneja hapajui.

Nisalimie katekista wetu, nisalimie wifi yangu mke wa kaka, na jirani aliyenilelea Zawadi nikiwa nimelazwa. Mama mshike miguu kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako unayenihangaikia siku zote,
Mama Zawadi

Dada, usingoje kuandika, barua hukawia. Piga simu dukani kwa Baba Halima, namba ameiandika mwenyewe nyuma ya bahasha. Usiulize mimi nitakuja lini. Sema tu, "Aje." Fanya upesi.