Chembe za Damu Yako Zilitosha, Dada

Dada Somoe,

Sijui mtu aliyelala kaburini anasalimiwaje kwa barua, kwa hiyo naanza kama nilivyokuwa nikianza nikikupigia simu: ni mimi Hamisi, niko mzima, mwanao Fatu naye yuko mzima, mengine nitakueleza polepole.

Nimekaa kibarazani hapa Chuno, upande ule ulioupenda kwa sababu unaona kila anayepita. Ulikuwa ukija kutoka Msimbati unakaa hapa, na jua likipanda kidogo tu umeshajua habari za mtaa mzima ambazo mimi, mwenye nyumba, sizijui. "Wewe umesoma mpaka huwajui jirani zako," ulikuwa ukinisema, huku unacheka.

Ulinilea wewe. Mama alipofariki mimi nilikuwa bado wa kubebwa, na baba alivuka Ruvuma kwenda kwa ndugu zake Msumbiji, hatukumwona tena. Wewe mwenyewe ulikuwa msichana tu. Nakumbuka siku niliyojikata na panga tukimenya mihogo. Ulikifunga kidole changu kwa upindo wa kanga, ukakibana, ukaniambia, "Usiangalie damu. Niangalie mimi." Nikakuangalia. Uliogopa kuliko mimi. Damu ikakatika yenyewe, kama inavyokatika kwa watu wengi, na hakuna kati yetu aliyejiuliza ni nini kilichoikata.

Nilikuja kujifunza hilo baadaye, nikalifanya kazi. Unakumbuka siku uliyonitaka nikueleze ninachofanya kule maabara? Nikakwambia kwenye damu kuna vitu vidogo sana, vinaitwa chembe sahani, mtu akiumia vinakimbilia pale palipochanika, vinashikana, vinaziba. Ukaniangalia kwa mshangao. "Sahani? Yaani damu yangu ina vyombo?" Ukamwita Fatu atoke ndani. "Njoo umsikie mjomba wako. Ntoto huyu tumempeleka shule, amerudi anatwambia tuna kabati la vyombo tumboni." Tulicheka sana siku ile, dada.

Siku ileile nilikueleza na habari za mashine. Walikuja watafiti hospitali kwetu, wanataka kujua kwa nini majeruhi mahututi wengine hawaachi kutoka damu hata wakishonwa. Kuhesabu chembe sahani tulikuwa tunahesabu siku zote. Lakini kuhesabu si kujua kama zinafanya kazi. Mtu anaweza kuwa nazo nyingi tele, na zote zimechoka, haziitiki. Mashine yao ilikuwa inapima hilo. Unaweka damu kidogo kwenye kikombe, unatia dawa ya kuziamsha chembe, na kwenye kioo mstari unaanza kupanda. Zikishikana, mstari unapanda. Zisiposhikana, mstari unalala. Nilifundishwa kuitumia, nikaipenda. Utafiti ulipokwisha wenyewe wakaondoka, mashine wakatuachia. Vitendanishi, zile dawa za kupimia, vikaisha. Nikaifunika kitambaa, nikarudi kwenye kuhesabu.

Asubuhi ya ajali yako ilikuwa msimu wa korosho. Ulipata lifti kwenye pikapu iliyobeba magunia, ukakaa juu yake na wanawake wengine, mnakuja mjini. Kabla ya Madimba gari likaacha njia, likalala ubavu. Wenzako walirushwa mchangani. Wewe magunia yalikuangukia.

Mimi sikujua lolote. Nilikuwa kwenye meza yangu, muuguzi Rehema akaingia na chupa za damu mkononi. Kwa kawaida huziweka na kuondoka. Siku ile hakuondoka.

"Kaka Hamisi, huyu mama wa ajali anasema wewe ni mdogo wake."

Nikasoma jina kwenye chupa. Nikaanza kutoka mbio, Rehema akanishika mkono. "Pima kwanza," akasema. "Daktari anasubiri majibu. Ukienda wewe, nani atapima?"

Nikapima. Wingi wa damu ulikuwa umeshuka, hilo nililitarajia. Lakini chembe sahani zilikuwa nyingi, nzuri, kama za mtu aliyetoka nyumbani kwake na afya yake. Nilifurahi, dada. Nilikuja chumba cha dharura nakimbia na karatasi mkononi kama mtu anayeleta habari njema.

Ulikuwa umelala, umefungwa shuka kiunoni kukaza nyonga. Uso wako umepauka. Ukaniona.

"Hamisi. Makopa ya mihogo nimeyaacha juani. Mwambie Fatu ayaanue, mvua inakuja."

"Nitamwambia, dada."

"Umeiangalia damu yangu?"

"Nimeiangalia."

"Ikoje?"

"Nzuri. Chembe zimejaa."

Ukatabasamu kidogo. "Vyombo vyote vipo," ukasema. Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu, kwa sababu baada ya hapo walikusukuma kwenda chumba cha upasuaji.

Daktari Neema ndiye aliyekupasua. Ni mtu mtulivu, hapandishi sauti. Alikutoa bandama iliyopasuka, akafunga kila mshipa alioweza kuufunga, wakakutundikia damu iliyokuwepo, wakakuchoma na sindano ya kusaidia damu igande. Bado ilikuwa ikitoka. Haikuwa ikiruka kutoka mahali pamoja, ilikuwa inavuja kila mahali, hata pale walipokuchoma sindano. Akatuma mtu aniite mlangoni.

"Umesema chembe zinatosha."

"Zinatosha, daktari. Nimerudia mara mbili."

"Basi mbona hazishiki? Ile mashine yako?"

"Haina vitendanishi."

"Hata kidogo?"

Kulikuwa na kichupa kimoja nyuma ya jokofu, muda wake umepita. Nikarudi maabara, nikavuta kile kitambaa, nikaiwasha. Nikaweka damu yako, nikatia dawa, nikakaa nikitazama kioo. Mstari ulilala. Haukuinuka hata kidogo. Nikataka kukimbia kumwambia, kisha nikasita. Nikajifunga mpira mkononi, nikajitoa damu yangu mwenyewe, mtu mzima asiye na jeraha, nikaipima kwa dawa ileile.

Nao ukalala.

Unaelewa, dada? Dawa ilikuwa imekufa. Kwa hiyo sikuwa nimejua chochote. Huenda chembe zako zilikuwa zimechoka kwa ajali yenyewe, hutokea kwa walioumia vibaya. Huenda ni zile aspirini ulizokuwa ukimeza kila ukitoka shamba magoti yakikuuma, nazo huzilaza chembe. Huenda ni vyote. Nilirudi kwa daktari nikamwambia, "Sijui." Akaitika kwa kichwa, akarudi ndani.

Damu yangu haikulingana na yako. Rehema alikutolea, na dereva wa gari la wagonjwa naye akakutolea, tukitumaini damu mbichi ya watu wenye afya itakuja na chembe zinazofanya kazi. Ulifariki kabla adhana ya alasiri haijaisha. Tulikuzika Msimbati kesho yake. Mvua ilinyesha kweli, na makopa yalilowa yote. Nilisahau kumwambia mtu.

Kwetu mtoto wa dada ni wa mjomba, hilo halikuhitaji kikao. Fatu anaishi nami sasa, anasoma sekondari hapa mjini. Ana sauti yako. Akiita kutoka jikoni, mara nyingine naitika kabla sijakumbuka.

Sasa nikueleze lililonifanya niandike. Vitendanishi vimekuja. Mradi mwingine umeanza, mashine nimeifuta vumbi, imekaguliwa, inafanya kazi vizuri. Siku vilipofika nilivipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Nilijiambia, angalau sasa mtu akija kama alivyokuja dada, nitajua.

Na ninajua, dada. Majuzi aliletwa kijana wa Ufukoni, amegongwa akiwa kwenye pikipiki yake. Chembe zake zilikuwa nyingi kama zako. Nikapima, mstari ukalala. Nikapima damu yangu kwa dawa ileile, ukapanda vizuri, umesimama kama mnazi. Safari hii hakukuwa na shaka. Nikampigia Daktari Neema.

"Chembe zake hazifanyi kazi," nikamwambia. "Nina hakika."

Nikasikia watu wakiongea nyuma yake. Kisha akasema, "Asante, Hamisi. Sasa nimpe nini?"

Mgonjwa wa namna ile anahitaji chembe za mtu mwingine, zilizotengwa na kutunzwa zikitikiswa muda wote, na haziishi siku nyingi. Hapa kwetu hazipo. Kuziagiza kutoka Dar, mgonjwa hawezi kuzisubiri. Wakampa kile walichokupa wewe. Kijana akafa kama ulivyokufa wewe. Mama yake alikaa kwenye benchi nje ya maabara, nami nikapita mbele yake na majibu sahihi mkononi.

Miaka yote hii nilidhani kilichokuua ni kutojua kwangu. Nilikuwa nimekishikilia hicho, maana kisichojulikana kinaweza kujulikana siku moja. Sasa hata hicho sina.

Jana Fatu alikuwa anapiga pasi sare zake za shule, mimi namwangalia. Akaniuliza bila kugeuka, "Mjomba, nasikia ile mashine sasa inafanya kazi."

"Inafanya."

"Kwa hiyo kama mama angeletwa leo, angepona?"

Ningeweza kusema Mungu ndiye anayejua. Watu wengi wangesema hivyo, na lisingekuwa kosa. Lakini aligeuka akaniangalia, na macho ni yale yako.

"Hapana," nikamwambia.

Akaendelea kupiga pasi. Alimaliza kola, akamaliza mikono, akalitundika shati vizuri. Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Basi usinisimulie tena habari za hiyo mashine."

Sitamsimulia. Ndiyo maana nimekusimulia wewe.

Lala, dada. Mimi kesho naingia zamu ya asubuhi.

Mdogo wako uliyemlea,
Hamisi