Audio juu ya série ya Thaïlande, ku groupe ya chorale

Alliance, weye uko wapi? Minye nimekwisha.

Ile audio nilikurekodia weye, ile juu ya série yetu ya Thaïlande, nimeituma ku groupe ya chorale. Yote. Kwa wamama wote wa kanisa.

Na unajua vile nasemaka. Nimelalamika asema wale vijana wawili wanapendana tangu mwanzo, lakini kushikana mukono tu inaomba épisode nane. Nimeuliza sababu gani kila mara mumoja anashikwa na homa na mwenzake anamupangusa na kitambaa ya maji. Kwani kule hakuna dispensaire?

Kisha nikamutukana ule baba tajiri mwenye kuja ku épisode ya kumi, anapeleka mutoto wake Ulaya ili awaachanishe. Nimemutukana sana. Na matusi ya Kifuliiru, luga yetu ya nyumbani, iko ndani.

Nilitaka kufuta, nikaona Maman Pélagie amekwisha kusikiliza. Présidente wa chorale mwenyewe. Ule mwenye alituhubiria dimanche juu ya wasichana na telefone.

Akaniandikia pembeni: "Noella, futa ile audio mbio."

Nikajibu: "Pardon maman, sitarudia tena."

Alliance, nikaona anaandika, anaacha, anaandika tena. Nikajisemea, leo ndiyo wananifukuza mu chorale.

Akatuma: "Mutoto gani weye wa kuharibia watu. Minye niko bado ku épisode ya sita."