Nyumba ya Baba Kando ya Malka

Garsen, ukingoni mwa mto Tana

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima, na mwenye furaha kiasi cha kuona haya kuisema. Natumaini barua hii itakukuta kifua kimetulia na masikio hayajazidi kuwa mazito. Mashine za kiwanda cha chapa bado zinanguruma vile vile? Na chai ya asubuhi anakupikia nani? Shangazi aliniahidi mbele yako, mkumbushe.

Mimi na Komora hatujambo. Usicheke, Baba, lakini kila jua linapochomoza namtazama mume huyu nikajiuliza nilifanya jema gani. Akirudi shuleni hupitia mtoni, akaja na ndoo ya maji kichwani, mwalimu mzima na viatu vyake vya kamba, mbele ya wanafunzi wake. Wakimcheka huwaambia, "Nanyi mkioa mtabeba." Jumapili hunichukua kwenye kivuko, tukavuka ng'ambo na kurudi, bila safari yoyote, tupate tu kukaa pamoja juu ya maji. Wavuta kamba wamekwisha kutuzoea.

Najua unachongojea. Siku ya kuagana bandarini uliniagiza nikuchagulie mahali pa kuzeekea, karibu nami, penye maji ya kutazama. Ukistaafu nyumba ya serikali utairudisha, na tangu Mama atutoke hutaki kubaki Unguja ukizungumza na kuta. Katika barua iliyopita nilikwambia kwamba mahali nimepata. Namshukuru Mungu hukupanda meli ya kwanza.

Tulianza kuangalia Kipini. Pale ungejiona nyumbani, watu wanazungumza kama sisi na samaki hawaishi, ila ni mbali, na wakati wa mvua nisingekuona ila kwa nadra. Kisha Chara, kwa ndugu za mavyaa wangu, mama yake Komora. Walitupokea kwa mapenzi, lakini mbu wa Chara, Baba, hawabishi hodi, na maji yakijaa hata kwenda kununua chumvi ni kwa mtumbwi. Nikasema basi, ni Garsen hapa hapa, nikuletee uji kwa mkono wangu.

Ukingo wote wa mto hapa umejaa migomba na mahindi ya Wapokomo, isipokuwa pahali pamoja. Ni uwazi mpana, ardhi yake imeshindiliwa ikawa kama sakafu, unateremka taratibu mpaka majini. Hapana kisiki wala mwiba. Nilishangaa watu wamepaachaje. Komora alikuwa amekwenda Malindi kuchukua vitabu vya shule, na mavyaa alikuwa Chara, nami nikataka warudi niwashangaze wote. Nikachonga vijiti, nikavipigilia, nikavuta kamba kuonyesha vyumba. Ili nizione kuta vizuri nikatundika kanga zangu juu ya kamba. Ulikuwa na baraza, Baba, na chumba cha kulala, na dirisha la kutazama mto. Majirani walipita, wakanisalimu, wakaenda zao.

Asubuhi moja nimesimama chumbani mwako, nafikiria kitanda kitakaa wapi, nikasikia ardhi inatikisika. Kugeuka, ng'ombe. Waorma, wafugaji wa tambarare hizi, walikuwa wanashusha mifugo yao kwa kuwa visima vya ndani vimekauka, na ng'ombe aliyenusa maji haulizi sebule hii ni ya nani. Nikarukia migombani. Wakapita barazani, wakapita chumbani, wakatokea dirishani. Mmoja mwenye pembe ndefu aliondoka na ile kanga nyekundu uliyoninunulia harusini, akaingia nayo mtoni amejitanda kama bibi harusi.

Nyuma yao akaja mzee mrefu, fimbo begani. Jina lake Mzee Galgalo, na Kiswahili chake ni cha kuokota njiani. Alivitazama vijiti vilivyobaki, akanitazama mimi migombani.

"Bibi, hapa naanika nguo ama nafanya nini?"

"Najenga nyumba ya baba yangu."

Akafikiri kidogo. "Baba yako amekukosea nini?"

Jirani yangu Mama Hawaa alikuwa shambani mwake, akacheka mpaka jembe likamtoka mkononi. "Sisi tulidhani bibi mwalimu ana nguo nyingi za kufua," akasema.

Mavyaa aliporudi ndipo akanieleza. Uwazi ule huitwa malka. Wapokomo wanalima ukingo wote, lakini njia hiyo wanaiacha tupu kwa makusudi, halimi mtu wala hajengi, ili kiangazi Waorma washushe ng'ombe wao kunywa bila kukanyaga mashamba. Ndivyo wanavyoishi pamoja. Kwa mtoto wa hapa ni jambo la kuzaliwa nalo, haikumpitikia yeyote kwamba mtu mzima hajui.

Nililia, Baba, si kwa kanga. Nilikuwa nimekwisha kukuandikia kwamba una kwako, na sasa hukuwa na kwako. Mavyaa akanifuta uso kwa upindo wa nguo yake. "Mwanangu, njia si ya mtu, lakini kando ya njia ni shamba langu." Akanipeleka mpaka mwinuko ulio pembeni mwa malka. Akanionyesha mkuyu chini yake, wenye alama ya tope la mafuriko makubwa anayoyakumbuka. Juu ya hapo maji hayajafika. Akamwita Mzee Galgalo, kwa kuwa jirani wa malka lazima akubaliane na wenye ng'ombe.

"Baba yake napenda kimya?" akauliza mzee. "Kiangazi hapa ng'ombe nalia asubuhi mpaka jioni."

Nikamweleza kwamba mashine za chapa zimekuharibu masikio.

"Basi huyu ndiyo jirani nataka," akasema. "Maziwa tutaacha kwake."

Komora aliporudi nikamsimulia, akakaa chini juu ya maboksi ya vitabu na kucheka. Kisha akachukua panga, tukafyeka mwinuko ule pamoja, mimi na yeye, tukiimba. Usiku nililala usingizi ambao sikuupata tangu niagizwe. Una kwako, Baba. Safari hii ni kweli.

Nisalimie Shangazi wa chai, ami yangu fundi saa anayesema umepungukiwa akili kuhama uzeeni, na kaka yangu mdogo, mwambie asome. Mavyaa anakusalimu na anauliza kama unakula ndizi za kuchemsha. Komora anakushika mkono.

Limebaki jambo moja. Nilimwambia Mzee Galgalo mlango wako utaelekea mtoni, kama ulivyotaka. Akatikisa kichwa. "Hapana. Uweke upande ya njia. Mto hajui salamu." Nimekaa na neno hilo, nikazikumbuka zile kuta unazozungumza nazo. Fundi anangoja. Niandikie tu mlango uelekee wapi.

Mwanao akupendaye,
Zuhura