Mama Ameulizwa Anataka Nini

Kabondo, Kisangani
Tarehe 14 Juni 2025

Mpendwa Tonton Alfani,

Asalaam aleikum. Habari za Lubumbashi na baridi yake? Na magoti yako, yanakuruhusu kwenda msikitini? Sisi huku wazima, ila mama, dada yako, ndiye aliyenikalisha niandike.

Unajua sukari yake iko mikononi mwa Daktari Noël tangu zamani. Yeye huamuru, mama hutii: lituma, zile ndizi za kuponda anazozipenda, marufuku, basi. Sasa kwenye kituo chetu cha afya amekuja daktari mwingine, Benie, binti mpole. Anasema mama amezeeka, sukari yake isishushwe mno, kwani ikishuka sana ndiyo anaanguka. Lituma ale, ila kidogo. Mimi askari wa lituma nimeachishwa kazi bila taarifa.

Kisha akamuuliza mama yeye mwenyewe anataka nini. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mama alirudi nyumbani, akafungua sanduku, akaanza kugawa vitenge vyake. Dawa hataki tena.

"Ni bure, Djamila," akaniambia. "Mugonjwa wanamuulizaka anataka nini wakati iko anaenda kufa."

Na kweli ndivyo tulivyomfanyia bibi. Tulimuuliza, akaomba samaki, na kesho yake hakuiona. Nimjibu nini mama?

Nilikimbilia kwa Daktari Noël nikitumaini atamkemea mwenzake. Akajikuna kichwa. "Bon, sisi walitufundisha kuamuru, siku hizi wanafundisha kuuliza. Ule mutoto hakukosea. Mama yako hafi." Ila akakiri kwamba yeye mwenyewe bado hajazoea. Tonton, ikiwa daktari anajikuna kichwa, mimi muuza makaa nishike lipi? Naogopa, maana kila siku bila dawa naiona usoni mwake.

Haniamini mimi, wala Noël. Wewe anakuamini. Nilitaka kukuomba umpigie simu, umwambie kuulizwa si kuagwa.

Lakini jana Benie alinieleza mama alijibu nini siku ile. Hakuomba lituma. Alisema anataka kumwona mdogo wake Alfani.

Sasa nimechanganyikiwa zaidi. Usipokuja, dawa hatameza. Ukija ghafla, ataamini kweli anakufa, kwa kuwa alichoomba amepewa. Sijui, Tonton. Njoo tu.

Nisalimie Tantine Zaina na Aboubakar. Mungu akufungulie njia.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye,
Djamila